Kikohozi cha Tantine

Sehemu ya saba

Miguu.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na nimesikia kwamba wengine wenu mlinilaani. Fundi Védaste alikuwa chini ya gari la Fortunat, miguu yake tu ikionekana, kandambili moja imemtoka. Injini ilikuwa imetoa ule mlio wake wa kutisha, ikazimika, na tangu hapo fundi hakusema neno.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili likiwa limefungiwa mandazi, pangusa mafuta usome upesi. Fortunat ni karani wa forodha, mtu wa upande wa Bukavu aliyehamia Goma, akanunua kiwanja mtaa wa Lac Vert, akakaa hapo na mkewe Nsimire na binti yao wa pekee, Nshobole. Gari lake ni kuukuu hata watoto wa mtaa wanaliita Tantine, yaani shangazi, kwa heshima ya umri. Wiki nzima sasa, kila alfajiri, Tantine anatoa mlio ambao hakuna aliyeuelewa. Kwanza anakohoa. Halafu anashikwa na kwikwi. Halafu anakoroma kama mtu anayekabwa koo, na kimya. Ukimsukuma mpaka barabarani, ananguruma vizuri kama vile hakuna lililotokea.

Na wiki hiyohiyo Nshobole alianza kuugua. Anaamka kichwa kikimgonga, anatapika, anashinda amelegea mikononi mwa mama yake. Amepewa dawa za malaria, amepewa za minyoo, wapi. Kila asubuhi anaamka kwa shida kuliko jana, na Fortunat anaogopa asubuhi ambayo hataamka.

Fortunat aliyaweka mambo hayo mawili pamoja akapata jibu moja: Mama Mukagasana. Huyo ni jirani wa upande wa chini, mfuga mbuzi, mjane mwenye sauti. Siku Fortunat alipomaliza kujenga ukuta wa mawe ya volkano kuzunguka kiwanja chake, kwa hofu ya wale wenye bunduki wanaoingia majumbani mwa watu, Mukagasana alisimama barabarani akaapa kwamba ukuta ule hautakaa, maana umefunga njia ya mbuzi wake. Tangu siku hiyo Fortunat hali kitu kilichopita mikononi mwa mama huyo. Yuko tayari kuapa mbele ya padri kwamba ametia kitu katika tangi la gari na kingine katika uji wa mtoto.

Basi. Turudi kwenye miguu.

Fortunat alidhani gari limemwangukia fundi. Akachungulia. Tantine alikuwa amesimama vizuri kwenye magurudumu yake, katika kona ya chini ya kiwanja, karibu na ukuta mpya. Hakuna kilichomgusa Védaste. Alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, bisibisi yake kifuani.

Akainama zaidi ili amguse. Hapo kitu kikampiga usoni. Hakikuwa na harufu. Kilimchoma puani kama soda iliyopalia, kisha kichwa kikazunguka, na moyo ukaenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima na gunia mgongoni. Akashika mlango wa gari akajiinua. Aliposimama wima akapata nafuu.

Hakujiuliza kwa nini. Mtu mwenye hofu hana nafasi ya maswali. Alifumba mdomo, akakamata ile miguu, akavuta.

Nsimire alishuka barazani mbio. Mke na mume wakamburura fundi juu ya kokoto mpaka kwenye ngazi, wakampandisha barazani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya bilinganya. Nsimire alimmwagia maji, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina la baba yake. Hatimaye Védaste akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akatapika, akafungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza bisibisi yake iko wapi.

Hapo mjue huyu ni fundi wa namna gani. Védaste husikiliza injini kwa meno. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, anauma mpini, anafumba macho, na mlio wote unampanda kwenye fuvu. Mji mzima unamsifu kwa hilo, na yeye mwenyewe hajawahi kuwapinga. Lakini kwa Tantine meno yalikuwa yamemdanganya tangu mwanzo. Kwanza alisema ni mafuta ya kadhafi, yale ya chupa kando ya barabara, yamechanganywa na maji. Akayamwaga yote. Halafu akasema ni buji, ile plagi ya kuwashia. Akabadilisha. Halafu akasema ni valvu, akafungua kichwa cha injini, akakifunga tena, na Tantine akakohoa vilevile. Mfa maji haachi kutapatapa, na fundi aliyeshindwa ni ndugu yake.

Sasa alileta jibu jipya.

"Ni bomba ya moshi," alisema. "Imepasuka. Moshi yote ilinikujia ku sura. Na ile makelele, ndio yenyewe."

Fortunat alishusha pumzi. Bomba linaunganishwa kwa moto, siku moja, na mambo yanaisha. Alitaka sana liwe bomba. Alimpiga fundi begani akamwambia apumzike, watalifungua wakishakunywa chai.

Nsimire hakushusha pumzi. Alikuwa amesimama akiliangalia gari kwa macho ya mwanamke anayehesabu mboga zake baada ya wageni kuondoka. Aliuliza swali dogo. Injini imekohoa mara chache ikafa. Haikuwaka. Sasa moshi wa kumlaza mwanaume mzima ulitoka wapi?

Kabla fundi hajajibu, mtu alianza kupiga lango kwa mawe.

Alikuwa Mama Mukagasana, kitenge kimefungwa kiunoni kwa ajili ya vita. Mbuzi wake mmoja hakurudi jana jioni. Amemtafuta mpaka barabara ya Sake. Watoto wamemwambia walimwona akiingia kwa Fortunat lango lilipoachwa wazi. Hakungoja kukaribishwa. Aliingia, akanyoosha shingo, na akamwona mnyama wake kabla ya mtu yeyote kumwonyesha.

Mbuzi alikuwa nyuma ya Tantine, chini kabisa ya ukuta, miguu imenyooka. Hakuwa na jeraha wala damu.

"Umeua mbuzi yangu na sumu," Mukagasana alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Fortunat naye alikuwa amelingoja neno hilo wiki nzima, ila kwa mdomo wake mwenyewe. Alimjibu kwamba muuaji anayejulikana Lac Vert ni yeye. Alimtajia gari. Alimtajia uji. Alimwambia kama mtoto wake atakufa, Goma haitawatosha wote wawili. Mukagasana akamwambia kwamba mtu aliyekuja jana kutoka Bukavu asimfundishe kuapa, na kwamba ukuta wa uchoyo huzaa mauti. Walisogeleana mpaka mate yakafika usoni. Laiti ungewasikia, msomaji. Kila mmoja alimshtaki mwenzake kosa lilelile, kwa maneno yaleyale, na wote wawili walikuwa wakisema uongo bila kujua.

Nsimire hakuwasikiliza. Alikuwa akimtazama yule mbuzi. Karibu na pua ya mbuzi kulikuwa na mjusi, mgongo chini. Pembeni, shomoro. Kisha akakumbuka mbabula yake, lile jiko la makaa alilozoea kuliwasha katika kona hiyohiyo ili moshi usiingie nyumbani. Wiki nzima limekataa kuwaka pale. Alilaumu makaa mabichi, akalipandisha barazani, likawaka mara moja. Hakumwambia mtu. Nani anaeleza watu habari za makaa wakati mtoto anaumwa?

"Munyamaze kwanza," alisema.

Wakanyamaza, kwa sababu Nsimire si mtu wa kuamrisha. Alichukua kibiriti dirishani, akawasha njiti, akashuka ngazi, akaishusha njiti taratibu kando ya mguu wake. Ilipofika kwenye goti ilizimika. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Akawasha ya pili. Ikazimika palepale, kama vile imetumbukizwa ndani ya maji. Akasogea hatua chache kuelekea gari, akawasha nyingine. Hiyo ilizimika kwenye nyonga.

Uso wa Mukagasana ulibadilika. Hasira ilimtoka yote, ikabaki hofu tupu.

"Mazuku," alisema.

Wa Lac Vert mmeshaelewa, nawaomba mnivumilie niwaambie wa mbali. Ardhi ya kwetu ina moto tumboni, na moto huo una pumzi yake. Katika sehemu fulani pumzi hiyo inapenya kati ya mawe. Huioni, huisikii, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia mabondeni kama maji ya dimbwi. Asubuhi isiyo na upepo dimbwi linajaa. Aliyesimama wima anaweza kulivuka akipiga mbinja. Aliyeinama ndani yake, hainuki. Mbuzi hufa kabla ya mtu, na mtoto hufa kabla ya mtu mzima, kwa sababu pua zao ziko chini.

Na moto hauwaki ndani yake. Injini ni nini, kama si moto uliofungiwa katika chuma? Ule mlio uliomkimbiza Védaste kutoka mafuta mpaka valvu, kile kikohozi, ile kwikwi, ule mkoromo, haukuwa ugonjwa wa gari. Tantine alikuwa mzima kabisa. Tantine alikuwa anakosa pumzi, na alikuwa akilisema hilo kila asubuhi kwa lugha pekee aliyonayo.

Mukagasana alieleza kwa haraka, maneno yakikanyagana. Pale penye kona palikuwa na shimo. Kila mtu alilijua. Mbuzi walifia mle, watu wakaliwekea miiba. Halafu mwenye kiwanja alipotaka kuuza, alileta lori za mawe, akalijaza, akasawazisha. Watu wote wakalihesabu limekwisha. Shimo limezibwa, mazuku yatatoka wapi? Hata yeye Mukagasana aliwaza hivyo. Ndiyo maana miiba haikuwepo tena, na mbuzi wakafanya njia yao hapo.

Lakini mawe hayazibi pumzi. Ilikuwa ikipenya kidogo kidogo, ikiteleza na mteremko, ikitawanyika mashambani kabla haijamdhuru mtu. Mpaka Fortunat alipokuja na simenti. Aliogopa wezi, akajenga ukuta usio na upenyo, hata wa maji ya mvua hakuuwekea tundu, maana alisikia kuna wezi wanaopitisha mikono. Aliwafungia nje watu wabaya. Ndani akajitengenezea beseni, na beseni lilikuwa likijaa kwa wiki nzima.

Fortunat alitazama ukuta wake.

Mukagasana ndiye aliyeuliza.

"Mutoto wenu analala wapi?"

Msomaji, nimewaambia kwamba watu hawa walikuwa wakipigishana kelele tangu alfajiri. Lango lilipigwa kwa mawe. Fundi alitapika barazani. Majirani wa ng'ambo walikuwa wameshatoka kuchungulia. Na Nshobole, ambaye huamka hata paka akipita juu ya bati, hakuwa ametokea mlangoni.

Alikuwa amelala katika chumba kidogo cha nyuma, kile cha chini, alichokiomba mwenyewe apate kulala peke yake kama msichana mkubwa. Wazazi wake walikuwa na kitanda. Yeye alilalia godoro juu ya sakafu.

Nsimire alikuwa ameshafika nusu ya njia. Mukagasana alimfuata kwa sauti: afunge pumzi, asiivute mle ndani hata kidogo. Nsimire akajaza kifua mlangoni, akaingia, akainama mara moja tu, akamnyakua binti yake pamoja na shuka, akatoka akiwa amevimba mishipa ya shingo. Hakuvuta pumzi mpaka alipofika barazani. Hapo akaanguka kwa magoti na mtoto mapajani.

Nshobole alikuwa wa moto. Alikuwa akipumua, ila kwa mbali, kama mtu anayekumbuka na kusahau. Walimwita. Walimpepea kwa kitenge. Walimkanda miguu. Macho hayakufunguka.

Hapo Fortunat alilia. Sioni haya kulisema kwa niaba yake. Alilia kwa sauti, mwanaume mwenye tai ya kazini, mbele ya adui yake, na adui yake akamshika mkono.

Lakini kilio si dawa. Mtoto alihitaji oksijeni, na oksijeni iko hospitalini, upande wa Keshero. Zahanati ya karibu haina hata glovu. Fortunat alikimbilia barabarani kusimamisha pikipiki. Barabara ilikuwa nyeupe, bila chombo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, na mji mzima ulikuwa umeshika majembe na fagio kusafisha mitaro. Hakuna chombo kinachotembea mpaka kazi iishe, isipokuwa mwenye mgonjwa ndani ya gari lake mwenyewe.

Gari lake mwenyewe lilikuwa Tantine.

Védaste alishuka akiyumba, akaketi nyuma ya usukani, shingo ameinyoosha juu kama jogoo. Akazungusha ufunguo. Tantine alikohoa. Kwikwi. Mkoromo. Kimya. Akazungusha tena, na mara hii hata kikohozi kilikuwa kidogo, maana betri nayo ilianza kuchoka. Wakajaribu kusukuma. Kutoka kona ile mpaka langoni ni kupanda tu, juu ya kokoto zinazoteleza, na anayesukuma gari lazima ainame, leo dimbwi likiwa limejaa kuliko siku zote. Fortunat aliinama mara mbili, akarudi barazani akiwa haoni vizuri.

Akaketi kwenye ngazi. Mtoto wake anakufa kwa kukosa hewa, na gari la kumwokoa limekosa hewa ileile. Aliutazama ukuta.

"Tuuvunje," alisema.

Nawaapia, wa kwanza kuupanda alikuwa Mukagasana. Alitupa kandambili, akashika mawe kwa vidole vya miguu na mikono, akakaa juu yake kama anayepanda ng'ombe. Ukuta aliouapia! Fortunat akamfuata na nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Wakiwa huko juu vichwa vyao vilikuwa katika hewa safi. Fortunat alipiga. Mukagasana aling'oa na kusukuma. Simenti ilikuwa bado changa. Mawe ya juu yakaondoka, ya katikati yakalegea, na Fortunat alipoteremsha nyundo kwa nguvu zote za hofu yake, kipande kizima cha ukuta kikaegemea nje, kikabomoka kwa kishindo. Wao wawili waliangukia upande wa ndani, juu ya mawe yaliyobaki, magoti yakichuruzika damu.

Vumbi likainuka. Kisha likafanya jambo la ajabu. Halikupaa. Lilijilaza, likafuata ardhi, likaanza kutoka nje kwa lile pengo, pole pole, likiteremka.

Nsimire alishusha njiti kando ya mguu wake. Ikapita goti. Ikapita ugoko. Iliwaka mpaka ikamchoma vidole.

"Piga sasa," Fortunat alimwambia fundi.

Védaste akazungusha ufunguo. Tantine alikohoa mara moja, akatetemeka mwili mzima, akashika. Akanguruma. Ilikuwa sauti safi, nzito, isiyo na kwikwi, na Védaste, pamoja na maumivu yote ya kichwa, alitabasamu kama vile yeye ndiye aliyeiponya. Nsimire akaingia nyuma na mtoto kifuani. Shingo ya Nshobole ilisogea. Alitoa kikohozi chake mwenyewe, kidogo, kikavu. Nsimire akaanza kusali Salamu Maria bila kujua kwamba anasali kwa sauti.

Fortunat aliweka mguu mmoja ndani ya gari.

Kitu kilimfanya ageuke. Mukagasana hakuwa amesogea. Alikuwa amesimama juu ya mawe ya ukuta uliobomoka, mikono imening'inia, akiangalia upande wa pili. Fortunat akafuata macho yake.

Vumbi lilikuwa bado linatembea. Lilikuwa limeteremka mteremko mzima likishika ardhi, halikutawanyika, maana halikuwa vumbi tu, lilikuwa vumbi juu ya mgongo wa kitu kingine. Wiki nzima ya mazuku, iliyokusanywa kwenye beseni la Fortunat, ilikuwa imemwagwa kwa mara moja. Na kule chini, mahali mteremko unapoishia, palikuwa na nyumba ndogo ya mbao, imechimbiwa kidogo ili upepo wa ziwa usiibebe. Kuku waliokuwa wakidonoa mbele ya mlango waliacha kudonoa. Mmoja akaketi. Kisha mwingine.

"Igihozo nilimuacha analala chini," Mukagasana alisema.

Igihozo ni mjukuu wake. Ana umri wa mtoto anayejifunza kufunga viatu. Wazazi wake hawapo, na bibi hana mwingine duniani.

Hakuna aliyewahi kumzuia. Aliruka mawe akateremka mbio, kitenge kikimfunguka nyuma. Huyu ndiye aliyemfundisha Nsimire kufunga pumzi, huyu ndiye aliyejua kuliko wote. Lakini alikimbia akiliita jina la mjukuu wake njia nzima, na anayeita hana pumzi ya kufunga. Alifika mlangoni. Akainama kuingia, maana mlango ulikuwa mfupi.

Hakuinuka.

Injini ilikuwa ikinguruma vizuri. Lango lilikuwa wazi. Fortunat alimtazama binti yake, akatazama lile pengo alilolifungua kwa mikono yake, na akautoa mguu wake garini.

"Muende," alimwambia Védaste. "Usisimame fasi yoyote."

Nsimire alimkamata shati kupitia dirishani. Alimshika kwa nguvu hata kifungo kikakatika. Alikuwa na mengi ya kusema, na moja tu ndilo lililofika mdomoni.

"Papa Nshobole, usiiname."

Akamwachia. Tantine akapanda kokoto, akapita langoni, na mlio wake ukasikika ukienda barabara ya Keshero bila kukatika. Fortunat hakungoja uishe. Alisimama juu ya mawe, akavuta hewa mpaka mbavu zikauma, akafunga mdomo, akateremka.

Pumzi moja ya mwanaume ni ndogo sana. Alilijua hilo alipofika katikati ya mteremko, kifua kikiwa tayari kinagonga. Aliwapita kuku. Alimfikia Mukagasana, aliyelala kizingitini, mkono mmoja umenyooshwa ndani, na kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, Fortunat aliinama. Alimshika makwapa akamvuta nje, akamwegemeza kwenye mawe pale palipoinuka kidogo. Masikio yalikuwa yanapiga kengele. Akarudi mlangoni, akaingia akishika ukuta kwa mikono, akitafuta kwa macho yanayotoa machozi.

Mkeka ulikuwa pale, karibu na sufuria. Shuka ilikuwa pale, imekunjuka.

Mtoto hakuwepo.

Alipapasa chini ya meza. Alipapasa nyuma ya pazia. Giza lilikuwa limeanza kuingia machoni kutoka pembeni. Chumba kilikuwa kimoja tu, na nyuma yake mlango mdogo ulio wazi unaoelekea kwenye migomba, mahali ambapo ardhi inazidi kushuka. Igihozo alikuwa huko mahali fulani, amesimama au amelala, karibu sana au mbali sana, na njia ya kumpata kwa haraka ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kumwita.

Ili kumwita, Fortunat ilimbidi afungue mdomo.

Akaufungua.